Ubundu Juu, Kisangani Chini

Papa,

Sauti niliyobaki nayo si ya mabomu. Mtaa wetu wote wa Lubunga umebaki na ya mabomu. Bati likianguka kwa jirani, watu wanainama. Mimi nimebaki na sauti ya kalamu yako ya kupigia mistari, ile ya chuma yenye midomo miwili na skurubu katikati, ikitembea kando ya rula. Ni sauti ndogo, kama mtu anayevuta hewa kwa meno. Inaanza, inakwenda mpaka mwisho wa rula, inakatika. Unapuliza karatasi. Inaanza tena.

Siku zile majeshi mawili ya kigeni yalipougombania mji wetu, na kila moja likisema limekuja kutusaidia, mimi na Mama tulijificha chini ya meza yako ya kuchorea, na wewe ukabaki juu yetu, kwenye kiti, unapiga mistari. Mama akakuambia, "Gaspard, shuka, utakufa na mistari yako." Ukamjibu, "Acha kwanza, wino itakauka." Siku ile sikucheka. Nimecheka hivi karibuni, peke yangu, nikisugua sufuria, na Mama akaniuliza kama nina homa.

Mabomu hayakukuua. Ulikufa baadaye, bila kelele, kwa tension, presha ya damu, wakati dawa zilikuwa ng'ambo ya mto na hakuna mtumbwi ulioruhusiwa kuvuka. Mapaa ya mjini tuliyaona kutoka kwetu, na yangali yanaonekana. Kila ninapokwenda kuchota maji ninayaona.

Nikuambie yaliyobadilika. Ubao wa meza yako sasa ni mlango. Mlango wetu ulivunjwa, na Mama akasema nyumba haiwezi kulala wazi kwa heshima ya meza. Kwa hiyo kila asubuhi ninasukuma matone ya wino wako wa kijani ili nitoke nje. Chuo changu kilifungwa, kikafunguliwa, kikafungwa. Saa kubwa ya stesheni imechukuliwa; imebaki duara nyeupe ukutani. Mama Feza, mjane wa fundi wa breki, amepanda mihogo kati ya reli kuanzia semafori, ule mti wa ishara za treni, mpaka karakana, na imeshika vizuri. Majani yake ndiyo tunayokula. Tunaiita pondu ya reli. Watu wanasema haihitaji mafuta, grisi imo tayari.

Sanduku lako la bati lilikaa chini ya kitanda changu tangu siku tuliyokuzika. Jumapili moja, Mama akiwa misani, nililifungua na kuzipanga ratiba zako za treni, horaire kama ulivyoziita, juu ya shuka. Mama alijua. Aliporudi alikohoa nje ya ubao kabla ya kuingia, ili nipate muda wa kufuta macho.

Nilianza na zile za wakati wa Wabelgiji, ulizozikuta kwenye ofisi ya uchoraji ulipoajiriwa. Injini nyeusi inayokujia usoni, imechorwa kutoka chini, pale anapotazamia mtu aliyeanguka relini. Herufi ndefu, nyembamba, zimesimama kama madirisha ya mabehewa. Michikichi pembeni. Na watu, pale walipo, wamepewa mgongo na mzigo, wadogo kuliko gurudumu. Ulikuwa unaniambia kwamba mchoraji yule aliijua kazi. "Angalia hii courbe," ulisema, ukifuata mzunguko wa bomba la moshi kwa ukucha, bila kuligusa. "Mutu alichora hii bila kupumua." Hukumchukia. Mimi ndiye niliyemchukia kwa niaba yako, nilipofika chuo na kujifunza maneno ya kuchukia kwa utaratibu.

Halafu zako. Kampuni ya reli ilikupa rangi mbili, kijani na nyekundu ya tofali, kwa sababu kila rangi ilitaka bamba lake kwenye mashine ya kuchapia, na mabamba yalikuwa machache. Wewe ulisema una rangi tatu, kwa sababu karatasi nayo ni rangi. Moshi wako haukuchorwa. Ulipaka kijani cha msitu pande zote ukaacha peupe mahali moshi ulipopita. Maporomoko ya maji uliyaacha vilevile. Na kile kitambaa cha kichwa cha mwanamke aliyesimama jukwaani, kapu la ndizi miguuni, akitutazama sisi, mkubwa kuliko gurudumu. Mama anakana mpaka leo. "Mimi sina pua ile," anasema. Ana pua ile.

Lakini picha ya juu haikuwa kazi uliyoipenda kuliko zote. Hiyo ilikuwa chini yake, kwenye jedwali la saa. Majina ya vituo katikati ya ukurasa, saa za kwenda upande mmoja, saa za kurudi upande wa pili. Safu ya kwenda unaisoma kutoka juu ukishuka. Safu ya kurudi unaisoma kutoka chini ukipanda. Ratiba zote za zamani sandukuni zilikuwa hivyo, na mji mkubwa ulikaa juu kabisa. Na watu wa vituoni walikosea mwaka baada ya mwaka. Kusoma walijua. Shida yao ilikuwa mto. Kwenda Ubundu ni kupanda mto, kuja Kisangani ni kuteremka, na kwetu hakuna mtu anayepanda kwa kushuka. Walipoiona Kisangani juu na Ubundu chini, waliichukua safu ya kurudi kuwa ndiyo ya kwenda. Walifika kituoni jioni na kuku wao na wagonjwa wao kuingojea treni iliyopita asubuhi. Katekista mmoja, aliyekosa ubatizo wa mtoto wa dada yake, alikuambia usoni, mbele yangu: "Papa Gaspard, horaire yako inakimbiza maji kuya mulimani."

Ulirudi nyumbani ukakaa na neno lile. Kesho yake ukaupindua ukurasa. Ubundu juu, Kisangani chini. Mkuu wako akasema dunia nzima huanza na mji mkubwa. Ukamwambia dunia nzima haipandi treni hii. Akacheka, akatia sahihi. Tangu hapo hakuna tena aliyeikosa treni kwa sababu ya karatasi yako, na watu wa njia ile yote wakaanza kukuita kwa jina.

Uliitundika mwenyewe kila mwaka. Likizo zangu zilikuwa zile: wewe na mimi juu ya kiberenge, kile kigari cha reli, wafanyakazi wawili wakikisukuma kwa miti, majani yakitupiga magotini. Kila kituo kilikuwa na fremu ya mbao yenye kioo. Ulitoa karatasi ya zamani, ukaingiza mpya, ukapangusa kioo kwa mkono wa shati. Pale Kilomita Sabini, Papa Anselme, mkuu wa kituo, alitusubiri na kofia yake kichwani na saa yake ya mfukoni mkononi. Wewe na yeye mlilinganisha saa kama watu wanaopima joto la mtoto. Halafu aliwageukia waliokuwa wamekusanyika akawaambia, "Gaspard akiandika, train iko njiani." Ulijifanya hukusikia. Masikio yako yalikuwa yanachekelea.

Miezi michache iliyopita alikuja mtu wa utawala huu mpya, wa hao wanaoushika mji kwa sasa. Kijana, shati jeupe, tai, viatu vyenye tope la kivukoni. Alipangusa miguu kabla ya kuingia. Alisema yeye ndiye mkuu wa usafiri, akakaa kwenye kiti chako, kwa kuwa kingine hatuna.

"Donc wewe njo mutoto ya Papa Gaspard," alisema. "Watu wanasema mukono yako iko sawa na yake."

Nikasema mkono wangu ni wangu.

"Bon. Kuko wageni wanakuya, wa kutoka inchi za mbali. Tunataka waone Kisangani ni ville yenye inatembea. Utuchoree horaire ya Ubundu. Locomotive mukubwa, couleur ya kutosha."

Nikamuuliza treni iko wapi. Akasema treni itafuata. Nikamuuliza saa za treni nitazipata kwa nani. "Heures utatia zako," alisema. "Si wewe iko mutu ya université."

Mama, aliyekuwa anatwanga nje, akasema bila kuacha kutwanga: "Unitie na mimi pale. Ile ya kwenda Paris, place ya dirishani."

Yule kijana alicheka kwa dhati. Hakuwa mtu mbaya, Papa, na hilo linanichosha kuliko kama angekuwa mbaya. Aliniahidi karatasi ya kuvukia mto wakati wowote. Niliitamani karatasi ile. Nilikumbuka jinsi ulivyokuwa ukiacha safu ya saa tupu mpaka ofisi ya mwendo wa treni ikuletee saa, na wakichelewa ulikaa mikono mapajani siku nzima, na kalamu imefutwa. Niliwahi kukuambia uweke saa za mwaka uliopita, si ni karibu tu. "Mama," ulisema, ukiniita hivyo kwa kuwa nina jina la mama yako, "saa haiko maua."

Nikamkatalia. Hakukasirika. Alisimama, akaangalia ubao wa mlango kama mtu anayehisi ameuona mahali, akauliza: "Na zile za papa yako ziko wapi?"

Alikuwa na askari wawili nje.

Walichukua sanduku lote, na zile za Wabelgiji humohumo. Mama alishika mpini wa upande mmoja, akaburutwa nalo hatua chache kama mtoto, kisha akaliachia. Mkuu wa usafiri aliomba radhi. Kweli, aliomba. Alichagua ratiba ile ya mwisho uliyoichapisha kabla treni haijasimama, iliyobaki sandukuni kwa mafungu mazima bila kukunjuliwa. Walibandika kipande cha karatasi juu ya mwaka, wakapiga muhuri wao juu ya moshi, kwa kuwa ndipo palipokuwa peupe. Baada ya wiki moja ilikuwa kila mahali: kivukoni, sokoni, kwenye ukuta wa stesheni chini ya ile duara nyeupe. Mama alikwenda kununua chumvi akarudi mikono mitupu. Watu walikuwa wanamtazama, wanatazama ukuta, wanamtazama tena. "Mama Gaspard, donc train inakuya? Si njo wewe hapa, na ndizi yako?" Sasa hatoki. Anasema amechoka kujikuta mbele yake kila anapogeuka.

Nimekaa na wazo moja tangu wakati ule, na nikiligeuza halinipi upande wowote wa kushika. Kama ningekubali, wangekuwa na ratiba yangu. Mistari yangu inatetemeka, herufi zangu zinaegemea. Njia yote ile hakuna anayeujua mkono wangu. Watu wa vituoni wangeitazama, wangesema ni karatasi ya serikali, wangerudi zao. Nilikataa ili jina lako lisiguswe, na kwa kukataa kwangu wakapata kitu pekee ambacho watu wangekiamini.

Kwa maana hawakuishia mjini. Wale wa utawala waliwapa ratiba hizo watu wa baiskeli, wale wanaosukuma mafuta ya mawese na mchele kufuata reli, wazitundike vituoni. Na huko, Papa, hakuna aliyejua kwamba umekufa. Njia ilikuwa imekatika kabla hujafa. Watu wa vituo wameishi msituni tangu vita vilipowafikia, wakilala kwenye mashamba ya ndani, wakitoka kwa woga kutafuta chumvi. Sasa waliona Ubundu juu, Kisangani chini. Waliona pua ya Mama. Wakajua ni wewe.

Mmoja wa watu wa baiskeli ndiye aliyeniambia. Alikuwa amekaa kwenye reli mbele ya nyumba yetu akifunga matairi yake kwa kamba. Alisema katika kituo cha karibu, kile chenye tangi la maji lililotoboka, watu walitoka porini na kila walichokuwa nacho, samaki wa kukausha, magunia, wazee wao migongoni, wakakaa jukwaani siku iliyoandikwa. Hawakufika peke yao. Wenye bunduki nao wanajua kusoma. Walichukua vyote, wakachukua na vijana wa kuvibeba. Nikamuuliza kama vijana wamerudi. Alivuta kamba kwa meno, akasema, "Wewe dada, unauliza sawa mutu ya ville."

Halafu akasema kwamba Kilomita Sabini watu ni wengi zaidi, na Papa Anselme amekata majani yote ya jukwaa.

Nilikwenda kwa miguu. Mama hakunizuia. Alinifungia chikwangue mbili, mikate ya mihogo, na akaniambia nivae kitambaa kibovu, ili nisionekane kama mtu mwenye kitu. Nilitembea na wanawake wa chumvi, nyuma yao, kwa sababu wanajua mahali pa kukanyaga. Reli iko. Nilidhani nitaikuta imeng'olewa, lakini iko, imelala chini ya majani kama kitu kilichowekwa na mtu atakayerudi. Mara nyingine mataruma yanaonekana, mara nyingine unayasikia tu kwa wayo. Sikuhisi chochote cha ajabu. Nilikuwa na njaa.

Kituo cha tangi lililotoboka kilikuwa kitupu. Ratiba yako ilikuwa kwenye fremu yake, kioo kizima. Niliitoa nikaisoma yote nikiwa nimesimama. Unajua nilikuwa natafuta nini. Nilitafuta kosa. Kituo kilichorukwa, dakika zisizolingana, chochote ambacho ningeweza kuwaonyesha watu na kidole changu juu yake. Hakuna. Kila treni iliyo mle ilikuwepo. Ilitoka saa ile, ikafika saa ile, na wewe uliingoja ofisi ikuambie kabla ya kuiandika. Hujawahi kuchora kitu kizuri kama ile, Papa. Niliichana. Wanawake wa chumvi walisubiri.

Kilomita Sabini tulifika mchana wa siku ya tatu. Kwanza nilisikia ufagio. Papa Anselme alikuwa anafagia jukwaa safi, kofia kichwani, ngozi ya shingo imemlegea kama nguo ya mtu mwingine. Na watu, Papa. Walijaa mpaka kwenye mti wa semafori. Walikuwa wamejipanga kwa madaraja, wale wa daraja la kwanza upande wa kivuli, wakitaniana kuhusu nani ana sura ya daraja la kwanza. Mama mmoja alikuwa amemvalisha mume wake mgonjwa koti. Waliniona, na Papa Anselme akanitambua kabla sijasema neno, akawaambia, "Huyu njo mutoto ya Gaspard. Sasa muko na haraka ya nini? Amemutuma mutoto mbele."

Wakanipigia makofi.

Nilimwambia pembeni. Nilimwambia umekufa, karatasi ni ya zamani, mwaka umefichwa, muhuri ni wa uongo, hakuna treni, injini ziko karakanani na mihogo imeota mpaka kwenye magurudumu. Niliyasema yote kwa mpangilio kama nilivyofundishwa. Yeye alishika neno la kwanza tu. Alivua kofia. Akawageukia watu, akasema, "Gaspard ametuacha," na kilio kikaanza kwa wanawake, kile cha kweli, cha mtu wa nyumbani, na wanaume wakaweka mikono vichwani. Kilio ambacho hukukipata kwetu, kwa sababu tulikuzika haraka, watu wachache, tukisikiliza risasi ziko upande gani. Nililia nao. Kwa muda ule mfupi nilifurahi kwamba nimekuja.

Walipotulia, Papa Anselme alifuta uso, akarudisha kofia, akagusa kioo cha fremu.

"Basi hii njo kazi yake ya mwisho," alisema. "Mutu anakufa, anatuachia horaire. Tutaingoya."

Na wote wakakaa chini tena, kwa heshima.

Nilijaribu bado. Niliwaambia yaliyotokea kwenye tangi. Wakasema wale wa tangi walikosea siku, watu wa kule tangu zamani hawajui kusoma. Niliwaambia wenye bunduki wako njiani. Wakasema treni ikija nao watapanda, ni watu kama wengine. Mzee mwenye koti aliniambia kwa upole, "Mutoto, huzuni inakuvuruga. Papa yako hajadanganya hata siku moja." Nilitazama ule ukingo wa msitu nyuma yao. Wanawake wa chumvi walikuwa wameshaanza kuondoka, na wao hawaondoki bila sababu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kifo chako hakitoshi. Ilibidi nikitoe kile kilichobaki, jina lako.

Sikuombi msamaha. Kuomba msamaha ni kusema kwamba nikipewa nafasi nyingine sitafanya, na nafasi nimepewa tena, na nimefanya. Nataka tu ulisikie neno hili kwangu, kwa maneno yaleyale niliyoyatumia, kabla hujalisikia kwa wengine watakaokufuata huko.

Nilipanda juu ya gunia la mtu. Niliwaambia kwamba mwaka wako wa mwisho kichwa chako kiliharibika. Kwamba ulikuwa ukikaa mezani mabomu yakianguka na kuchora treni ambazo hazipo, usiku na mchana, na Mama akikusihi ushuke, na wewe hutujui tena. Kwamba ulikuwa unatunga saa, unazitia popote, unacheka. Kwamba ulikuwa unaniita mama yako. Unaona nilivyochukua vitu vya kweli nikavigeuza kidogo tu? Watu wananijua kuwa mtoto wako. Nani angetunga maneno hayo juu ya baba yake? Nilisema utawala mpya uliokota karatasi za mwendawazimu na kuzitundika, kwa kuwa hakuna mwenye akili aliyekubali kuwachorea. Hilo la mwisho lilikuwa karibu kuwa kweli.

Hakuna aliyelia sasa. Yule mama aliyemvalisha mumewe koti alianza kulifungua, kifungo kwa kifungo. Papa Anselme alinitazama muda mrefu, akitafuta usoni mwangu, na mimi nilimpa uso wangu wote ili asipate kitu. Kisha akafungua fremu kwa ufunguo wake, akaitoa ratiba, akaikunja bila kuitazama.

"Kumbe Gaspard naye," alisema.

Ni maneno hayo tu. Hakuyasema kwa hasira. Aliyasema kama mtu anayeongeza jina kwenye majina mengine.

Waliondoka kwa vikundi, wakiingia msituni kwa njia mbalimbali ili wasiache alama moja. Hakuna aliyeniaga. Mmoja alisema, bila kujificha, kwamba hata saa za zamani labda hazikuwa sawa, kwamba yeye tangu zamani alikuwa na mashaka na mtu anayepindua ukurasa. Wengine wakakubali. Imechukua muda mfupi kuliko nilivyodhani, Papa. Miaka yote ile ya kukaa mikono mapajani, na imekwisha kabla jua halijahama kutoka upande mmoja wa jukwaa kwenda mwingine.

Ningependa kukuambia kwamba siku treni itakapopita nitarudi, kituo kwa kituo, na kukusafisha. Siioni treni hiyo. Nimeitembea reli yake kwa miguu na siioni. Na wale niliowaambia watawaambia wengine, na wengine wakiwa wazee watawaambia wajukuu, na katika njia hii utabaki kuwa mchoraji aliyepata wazimu. Mama hajui bado. Nitamwambia mwenyewe, naye atauliza kama walirudi porini wote.

Ninachokuahidi ni kidogo. Sitausema uongo ule nusu nusu, kwa aibu, ili mtu abaki na mashaka na akae jukwaani. Kila nitakapofika nitausema mzima.

Pumzika, Papa. Usinisubiri.

Jana nimefika kituo kinachofuata Kilomita Sabini, kile chenye kanisa dogo la matofali. Walikuwa wengi, wamekuja na watoto. Nimewaambia. Leo asubuhi jukwaa ni tupu, nami ninakaza kamba za viatu kuelekea kingine.

Mwanao,
Odette